Frizia za kipaimara: kikundi cha Majirani wa Njiro, Arusha

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Maua ya kipaimara, zile frizia, zimeshafika, mashina 30. Sherehe Jumapili, na matumba mengi bado ya kijani. Nizifanyeje?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Tazama tumba la kwanza, lile lililo karibu na pale shina linapopinda. Limeshika rangi?

Mama Neema: La kwanza njano kabisa, la pili linaanza.

Shangazi Rehema: Basi zimekatwa wakati wake. Zikikatwa kijani tupu, nyingi hazifunguki. Punguza sm 2 chini, mshazari, kwa kisu kikali. Mkasi butu unaponda shina, maji hayapandi.

Dada Upendo: Mama Neema, tafadhali usitie maji ya bomba wala ya kisima! Maji mengi ya huku kwetu yana floraidi, hiyohiyo inayotia meno ukahawia. Frizia haziiwezi: kingo zinaungua, matumba yanakaukia palepale. Tafuta maji ya mvua.

Baba Kelvin: Yakichemshwa je?

Dada Upendo: Ndiyo unaharibu zaidi, kaka. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote.

Shangazi Rehema: Kwa lita 1 ya maji ya mvua: sukari kijiko cha chai 1, maji ya limao vijiko vya chai 2. Koroga, kisha jiki nusu kijiko cha chai mwisho. Jiki na limao zisikutane kabla ya maji, zinatoa hewa mbaya. Sukari ni ya kufungulia yale matumba madogo ya nchani. Usiiweke bila jiki, bakteria watazaana na kuziba shina. Kina sm 8 hadi 10 kinatosha, na jani lisiguse maji.

Mama Neema: Naziweka jikoni, kuna ubaridi.

Dada Upendo: Kuna mkungu wa ndizi hapo? Matunda yanayoiva yanatoa gesi ya etilini, nayo inayafanya matumba yagome. Hata friji yenye maembe haifai. Chumba cha nyuma, pasipo jua.

Shangazi Rehema: Jumamosi asubuhi zikiwa bado zimefumba, zihamishie sebuleni penye joto na mwanga. Ua la chini likinyauka lichume kwa kucha, ya juu yapate nguvu. Maji badilisha kila siku 2, na ukate tena sm 1.

Mama Neema: Asanteni sana. Maji ya mvua nani anayo?

Baba Kelvin: Simtanki yangu imejaa. Mlete ndoo kabla ya saa 2.