Palm ya zamani kwa fundi cherehani: itanisaidia au itakuwa pambo? Naomba ushauri

Fundi Pindo
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, nashona nguo za kike, hasa sare za sendofu na harusi. Nina wasaidizi wawili. Kushona hakunisumbui, kinachonisumbua ni tarehe. Mteja analeta kitambaa, namchukua vipimo, anaacha advansi, ananiambia sherehe ni lini na atakuja kujaribu lini. Vipimo naandika kwenye kikaratasi nakibana na pini kwenye kitambaa chake. Tarehe naweka kwenye simu. Sasa nikifungua simu kuangalia nani anakuja kesho, nakuta kundi la kamati linabishana rangi ya vitambaa, mwingine katuma picha ya mshono anauliza bei, namjibu, na nilichofungulia simu kimeshanitoka kichwani.

Shemeji yangu yuko Muscat, zamani alikuwa kazi za ofisini. Ana Palm TX, kile kikompyuta cha mkononi cha zamani, iko kabatini haitumii. Anasema ina kalenda, majina ya watu, orodha ya mambo ya kufanya na sehemu ya kuandika maelezo, na haiingii laini ya simu. Kuna mtu anakuja mwezi ujao, anaweza kumpa aniletee. Mnaovijua hivi vidude, vina msaada wa kweli kwa mtu wa kazi za mikono, au vilikuwa vya mabosi? Na zama hizi kitafanya kazi? Msinicheke jamani.

Kitochi Daima
Dada, kanunue kiswaswadu. Kina kalenda, kina kikumbusho, chaji inakaa hata umeme ukikatika. Ya nini kumsumbua mtu abebe dude la makumbusho kutoka Uarabuni?

Mzee Kijiti
Kitochi, wewe hujawahi kushika Palm, tulia wakubwa tuongee.

Fundi, nimezitumia hizi miaka ya Palm m100, toleo lililotangulia hiyo TX, nikiwa mtu wa ghala. Sifa yake ilikuwa wepesi. Kifaa kimezimwa, unabonyeza kitufe cha kalenda kilichopo mbele, kinawaka palepale kikiwa kimefunguka kwenye siku ya leo. Hakuna kusubiri. Vitufe vilikuwa vinne: kalenda, majina, mambo ya kufanya, maelezo. Mteja anasema "nitakuja Alhamisi saa nne", hajafika mlangoni umeshaandika.

Kuandika ni kwa kijiti juu ya kioo, kwa mtindo ulioitwa Graffiti. Kila herufi mchoro mmoja bila kunyanyua mkono. A ni kama V iliyopinduliwa, haina ule mstari wa katikati. Ukiuzoea unaandika bila kuangalia. Ila kampuni ya Xerox waliwashtaki Palm wakidai mtindo umetokana na wa kwao, kesi ilianza 1997 ikaburuzwa miaka, na huko katikati Palm wakaingiza Graffiti 2, ambayo ndiyo utaikuta kwenye TX. Hiyo t na x zake zinataka michoro miwili. Mimi sikuipenda, lakini wewe unaanza upya, hutajua tofauti.

Tahadhari moja: usiache chaji iishe kabisa, kila kitu kinafutika.

Waya Mwekundu
Mzee Kijiti, shikamoo, ila hapo mwisho narekebisha. Hayo ni ya m100 na wenzake, zilizokuwa zinatunza kumbukumbu kwa umeme wa betri tu, ukibadilisha betri inabidi uharakishe. TX ya 2005 chaji ikiisha haipotezi kitu, ukichaji unakuta vitu vyako.

Matatizo ya TX ni mengine. Betri imo ndani, si ya kuchomoa kama ya kiswaswadu, na ni ya zamani sana. Hata ikiwa haijavimba, usitegemee itakaa kama mpya. Kuinakili kwenye kompyuta pia kuna mtihani: programu yake ilitengenezwa kwa Windows za zamani, kwenye kompyuta za biti 64, yaani karibu zote za sasa, kwa waya wa USB programu hiyo peke yake haikubali, wengi wanapitia Bluetooth. Nafuu ni kwamba ina tundu la kadi ya SD, ile kadi ndogo ya kumbukumbu, unaweza kutunza nakala humo. Kuhusu spea, sahau. Kampuni ya kompyuta ya HP iliinunua Palm 2010 kwa dola bilioni 1.2, mwaka uliofuata wakaacha kutengeneza hivyo vifaa. Kioo kikipasuka ndiyo basi.

Fundi, una kompyuta?

Fundi Pindo
Sina kompyuta kaka. Nina cherehani tatu na pasi. 😅

Mzee Kijiti
Marahaba kijana. Nimepokea marekebisho. Lakini kadi ya SD inatosha, watu walikuwa wanaishi hivyo.

Msasi wa Newala
Mimi naongezea upande wa matumizi, kwa sababu swali la "vilikuwa vya mabosi tu" limenigusa. 2004 nilikuwa miongoni mwa vijana waliozunguka na hivi vidude kusini, kwenye utafiti wa watu wa Ifakara, ile taasisi ya utafiti wa afya. Ulikuwa mkubwa, wilaya tano za Lindi na Mtwara, kaya zaidi ya elfu ishirini. Badala ya kubeba mafurushi ya madodoso, unamhoji mama ukumbini kwake huku unagonga majibu kwenye kioo. Ukiingiza jibu lisilowezekana, mfano mtoto kazaliwa mwaka ambao haujafika, kifaa kinakataa hapohapo, mama bado yuko mbele yako unamuuliza tena. Kwa karatasi, kosa kama hilo linagundulika mjini baada ya miezi, na wewe hukumbuki hata kijiji.

Kwa hiyo si vya mabosi. Ila angalieni nyuma yake kulikuwa na nini. Jioni data zinahamishiwa kwenye laptop, kuna mtu kazi yake ni kuhakikisha chaji, kuna mwingine anakagua. Kifaa kilikuwa kizuri kwa sababu kulikuwa na watu wanaokihudumia. Fundi, kwako jioni atakayefanya hayo ni nani? Ni wewe, ukiwa umechoka na mgongo unauma.

Kitochi Daima
Nimesema kiswaswadu.

Karafuu Mbichi
Kitochi una hisa huko kwenye viswaswadu? 😂

Mimi naona hata simu uliyonayo inatosha, zima arifa za makundi tu. Kwanza advansi si unalipwa kwa simu? Ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu, tarehe iko kwenye Palm, vipimo viko kwenye kitambaa. Umeongeza mahali pa tatu pa kutafuta.

Fundi Pindo
Hilo la malipo sikuliwaza, Karafuu. Ni kweli, wengi wanatuma kwa simu, wachache wanaleta mkononi. Kuzima arifa nimejaribu, lakini makundi ndiyo yananiletea kazi. Nikizima, sare za kamati nzima zinakwenda kwa fundi wa mtaa wa pili.

Mzee Kijiti
Fundi, kabla shemeji hajahangaika, fanya alivyofanya Jeff Hawkins, yule aliyebuni Palm ya kwanza iliyotoka 1996. Kabla hakijatengenezwa chochote alikata kipande cha ubao cha ukubwa anaoutaka, akawa anatembea nacho mfukoni. Mtu akimwomba wakutane, anakitoa, anajifanya anaangalia ratiba. Alitaka kujua kama kweli atakuwa anakitoa au kitabaki mfukoni.

Wewe una mkasi. Kata kadibodi ngumu, sentimita 12 kwa karibu 8, ndiyo ukubwa wa TX. Tia mfuko wa aproni. Kila unapotaka kujua au kuandika tarehe, itoe. Halafu utuambie.

Karafuu Mbichi
Hii nimeipenda. Fundi usituache hewani.

Fundi Pindo
Nimerudi wakuu. Nimetembea na kadibodi, wasaidizi wangu walidhani nimechanganyikiwa.

Niliyoyaona ni haya. Mteja akisimama kupimwa, mikono yangu yote ina kazi, futi mkono huu, chaki mkono ule. Siandiki mimi! Nataja kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, anayeandika ni msaidizi. Miaka yote nafanya hivyo na sikuwahi kuliona kama jambo. Kwa hiyo Palm ingekuwa mikononi mwake. Na yule mwingine anayekata, naye anataka kujua kipi kinatangulia, angekuwa anaisubiri kwa mwenzake. Nikitoka kwenda sokoni kutafuta zipu nimeibeba mfukoni, huku nyuma wote wawili hawajui kesho nani anakuja.

Lakini nje ya kibanda kadibodi ilitoka mara nyingi. Kanisani, kwenye daladala, msibani hata. Mtu anakushika mkono, "fundi, nitapita Jumamosi", nawe unaitikia tu. Hapo naona kifaa kingenifaa sana, na simu pale siitoi kwa sababu najua nikiitoa nitanasa.

Msasi wa Newala
Umejijibu vizuri kuliko sisi. Kile kidude ni cha mtu mmoja. Kazi yako ni ya watu watatu na meza moja.

Waya Mwekundu
Basi gawanya. Ndani ya kibanda, daftari kubwa la kaunta, kurasa za mistari, liwe wazi juu ya meza ya kukatia, kila mmoja analiona. Nje, kitu chochote kidogo cha kunasia tarehe mpaka urudi, na ukirudi unahamishia kwenye daftari siku hiyohiyo. Kwa hilo la nje, inaniuma kusema, Kitochi yuko sahihi. Kiswaswadu kikifa, kesho unapata kingine duka la kona. TX ikifa umebaki na kadi ya SD usiyo na pa kuichomeka.

Kitochi Daima
Nawashukuru kwa kuchelewa kuelewa.

Mzee Kijiti
Nabaki na msimamo wangu: kwa mtu anayefanya kazi peke yake na ana subira ya kujifunza, hakuna simu iliyowahi kunifungulia siku ya leo haraka namna ile. Lakini kwa fundi, sawa, nakubali daftari. Shemeji aiache kabatini.

Fundi Pindo
Nashukuru wote. Daftari nimeshanunua. Swali la mwisho: nilipange kwa majina ya wateja au kwa tarehe za sherehe?

Karafuu Mbichi
Tarehe ya kujaribu, dada, siyo ya sherehe. Ukipanga kwa sherehe utakuwa unakumbuka nguo siku ya kuivaa. Kila siku na ukurasa wake, jina, vipimo, advansi aliyotoa na namba ya simu kwenye mstari mmoja, na kile kikaratasi cha pini kibaki kwenye kitambaa hivyohivyo. Tumia penseli, maana hao wa sendofu tarehe wanahamisha kila kamati ikikaa.