Mjadala: Kozi ya kompyuta ianze na terminali, au Word na Excel zinatosha?

Mwalimu wa informatiki, Kamalondo:
Vituo vingi vya hapa Lubumbashi vinafundisha yale yale: Windows, Word, Excel, kisha cheti. Mimi nasema juma la kwanza liwe la terminali, ile skrini ya kuandikia amri kwa maneno badala ya kubonyeza picha. Mtoto ajue yuko folda gani (pwd), ndani mna nini (ls, au dir kwenye Windows), anahamaje (cd), ananakili na kufuta vipi. Leo mtu anamaliza kozi, unamuuliza kazi yako umeihifadhi wapi, anajibu: "Iko ndani ya Word." Huyo ameonyeshwa mahali pa kubonyeza, kompyuta bado hajaijua. Mnasemaje?

Mwenye sekretariati, Kasapa:
Mwalimu, salamu. Wateja wangu wanataka TFC, ile kazi ya kuhitimu chuo, ipangwe, jedwali la yaliyomo litoke safi, namba za kurasa zisirukeruke. Nikitafuta kijana wa kazi, namwangalia Word. Hajatokea mteja wa kuniomba nimwandikie cd. Na mzazi anailipia kozi hiyo kwa kujibana. Mkalishe mtoto mbele ya skrini nyeusi juma zima uone kama Jumatatu atarudi.

Mwanafunzi, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi):
Mama, kwa heshima zote, flashi zetu zinaharibikia huko huko kwenye masekretariati. Unaichomeka nyumbani, folda zote zimekuwa njia za mkato. Ukifungua sifa za folda, kisanduku cha kuificha kimefifia, hakibonyezeki, kwa sababu virusi vimeipa alama ya faili la mfumo. Watu wanakata tamaa, wanaformati, kazi ya mwaka mzima inapotea. Na dawa yake ni mstari mmoja wa terminali, unaoziondolea alama hizo:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Ila piga antivirusi kwanza, la sivyo zitafichwa tena.

Mwenye sekretariati, Kasapa:
Mwanangu, hizo folda naziona bila kuandika kitu. Naingia kwenye chaguo za folda, naruhusu mafaili ya mfumo yaonekane, nanakili, basi. Na virusi mnaniletea ninyi.

Mstaafu, Katuba:
Sisi wa enzi za DOS tuliandika dir na copy kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Windows 95 ilipofika hakuna aliyelia. Lakini cd ya wakati ule ndiyo cd ya leo, wakati Word ya 2007 ilibadilisha menyu na makarani wazoefu wakaanza kutafuta tena vitu walivyovijua. Na hiyo ls ya vijana ina asili ya Unix, iliyoanza Bell Labs kule Marekani mwaka 1969. Kwa hiyo ifundishwe. Ila juma la kwanza, mwalimu, hapo umezidisha.

Msimamizi wa seva, mtaa wa Golf:
Mimi nakula kwa terminali. Mtandao ukiwa dhaifu, ukitaka kuona skrini nzima ya seva (kompyuta inayohudumia nyingine) iliyo mbali, picha inakwama. Kwa SSH, njia ya kuiendesha seva hiyo kwa terminali, yanapita maandishi matupu, na kazi inaendelea. Lakini mwalimu amekwepa jambo moja: rm, amri ya kufuta, haina pipa la taka. Mtu anaandika rm -r *, yaani futa vyote vilivyomo, akidhani yuko folda ya mazoezi, kumbe yuko kwenye kazi za wenzake. Kwenye vituo ambako mashini moja wanaichangia wengi, hiyo si hatari ya kufikirika. Afunzwe kuandika pwd na ls kabla, na kutumia rm -i imuulize kila faili. Halafu klavye (kibodi) zetu ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa. Masomo mengi ya amri yameandikwa na watu wa QWERTY, mpangilio wa Kiingereza, hakuna anayemwambia mtoto kwamba | ni AltGr na 6, na \ ni AltGr na 8. Wengi wanakwama hapo, wanadhani amri ndiyo ngumu.

Mzazi, Ruashi:
Mimi nauliza tu. Nyumbani hatuna kompyuta, na umeme ukikatika kituoni watoto wanakaa nje. Wa kwangu atafanyia wapi mazoezi?

Mwalimu wa informatiki, Kamalondo:
Mama, kama ana simu ya Android, aweke Termux, programu inayompa terminali ndani ya simu. Akishaiweka, ls, cd, mkdir (kuunda folda), cp (kunakili) na grep (kutafuta neno ndani ya faili) anazifanyia humo bila kumaliza megabaiti, na umeme ukikatika simu ina betri. Kuhusu rm nakubali, nitaisogeza mwisho. Juma la kwanza silirudishi, labda tugawane: asubuhi terminali, mchana Word. Na mama wa Kasapa, ukiletewa orodha ya waliojiandikisha, grep -c Katuba orodha.csv inakwambia papo hapo mistari mingapi imeitaja Katuba.

Mwenye sekretariati, Kasapa:
Hiyo naipata kwa NB.SI, fomula ya kuhesabu ya Excel. Lakini nina folda imejaa picha za .jpeg, na tovuti ya kujiandikisha inataka .jpg. Nabadilisha moja moja hadi usiku. Hapo mna amri?

Mwanafunzi, UNILU:
Ingia ndani ya folda hiyo kwa cd, mama, kisha: ren *.jpeg *.jpg