Trafiki akikupiga mkono unafanyaje? Tupeane uzoefu

Ndoo_ya_Uji
Asalaam alaykum wanajamvi. Juzi nimepigwa mkono pale Amani, hapa Unguja, magharibi inakaribia, mie na Vespa yangu, ndoo ya uji baina ya miguu. Leseni ninayo, bima hai, kofia kichwani. Lakini moyo ulinienda mbio nikapitiliza hatua ishirini nzima ndipo nikasimama. Afande akanifuata kwa mguu, naye amefunga kama mimi, akaniuliza, "Unanikimbia?" Hata jibu sikuwa nalo. Nyinyi wenzangu mnafanyaje? Na wa Pemba pia semeni.

Gari_ya_Shamba
Hapo kupitiliza ndiyo umemtia shaka. Si lazima usimame pale pale, wa nyuma atakuingia. Washa indiketa ya kushoto, punguza, ajue umeshamuona, kisha tafuta pembeni. Mie nimeendesha barabara ya Makunduchi miaka kumi na moja. Ukishaonesha indiketa hata sura yake inabadilika.

mie_wa_Kwerekwe
Kweli. Indiketa ni salamu.

Mama_Wawili
Mie nnavaa nikabu na nnaendesha. Mara ya kwanza kusimamishwa niliambiwa nifunue uso afananishe na picha ya leseni. Nilikasirika nikaanza kujibu mbovu. Mume wangu, kakaa pembeni, ndiyo akazidi kuharibu, anamuuliza askari "wewe nani wa kumfunua mke wangu". Tulikaa pale nusu saa nzima. Siku hizi nikisimamishwa nnashusha kioo, nnatoa salamu, nnasema kwa upole, "Afande, kama yupo askari wa kike nitamfunulia." Mara mbili yupo, kaja, dakika moja imekwisha. Mara moja hakuwepo, akanitazama akaniambia nenda. Na mume nimeshampa sharti: trafiki akija, anayesema ni dereva peke yake.

Babu_wa_Jang'ombe
Nyinyi watoto mnakaa ndani ya gari kama mabalozi. Zamani ukisimamishwa unashuka, unampa mkono, unamuuliza hali, mara unagundua mama yake kwao ni Donge, mnajuana. Adabu haijamuua mtu.

Dogo_Fuoni
Babu, zamani hiyo gari zilikuwa ngapi? Ukishuka mbio leo anajiuliza unamfuata kwa nini. Kaa ndani, zima injini, mikono juu ya usukani. Usiku washa taa ya ndani akuone. Akikwambia shuka, shuka.

Babu_wa_Jang'ombe
Mikono juu ya usukani kama umetekwa! Hiyo umeitoa kwenye filamu za Marekani.

Dogo_Fuoni
Basi shuka babu, umkumbatie.

Mtu_wa_Konde
Nyamazeni kidogo niwahadithie, maana hili la kushuka limenikumbusha usiku ambao mpaka leo nikiuota naamka.

Ilikuwa msimu wa karafuu, enzi shirika la serikali linanunua kilo moja kwa shilingi elfu 14. Wa Pemba mnajua msimu ukiingia barabara inavyokuwa, vizuizi kila pahala kwa ajili ya magendo ya kwenda Mombasa. Mie nina pikapu ya marehemu ami yangu, tunatoka Konde tunakwenda Wete, saa nne ya usiku, nyuma magunia sita ya makopa, mihogo iliyokaushwa. Makopa tu, wallahi. Lakini gari ile wiki nzima ilikuwa ikibeba karafuu za watu kupeleka kituoni, kwa hivyo inanuka karafuu kuliko mkarafuu wenyewe. Na taa moja ya mbele imekufa.

Ubavuni nina mtoto wa dada yangu, miaka kumi na sita, ndiye utingo. Chini ya miguu yake kuna panga la kukatia kamba.

Tunakata kona, tochi usoni. Nikasimama. Askari wawili, na nyuma yao kwenye kiza wapo wengine, siwaoni. Mmoja akasema, "Mmebeba nini?" Kabla sijafumbua mdomo yule mtoto kafungua mlango, karuka, kaingia mikarafuuni. Kakimbia! Hana kosa, hana kitu, kakimbia kwa hofu tu. Basi zikapigwa kelele, tochi zote zikageuka, nikasikia chuma kimekokiwa. Yule wa dirishani kwangu kamulika chini kaona panga.

Sasa mie nikafanya ujinga wa pili. Nikainama kulisogeza panga, nimwoneshe kuwa si kitu. Aliruka nyuma akanipigia ukelele ambao sijapata kupigiwa, "WACHA!" Nikaganda hivyo hivyo, nimeinama nusu, mkono hewani. Jasho likanidondoka puani na siwezi kulifuta.

Kilichoniokoa ni ulimi. Nilisema polepole, "Afande, mikono yangu hii. Panga ni la kamba. Yule mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na sita, hana silaha, kaogopa. Magunia ni makopa, fungueni mote." Nikarudia mara tatu, sijui kwa nini tatu. Nikateremshwa, nikakalishwa chini barabarani. Magunia yote sita yakapasuliwa.

Mama_Wawili
Ya Rabbi. Na mtoto?

mie_wa_Kwerekwe
Mtoto vipi???

Ndoo_ya_Uji
Usitukatie hapo bwana.

Gari_ya_Shamba
Mtoto kosa lake, lakini wewe mwenye gari ulitakiwa umfunze kabla. Utingo wangu siku ya kwanza tu nnamwambia: tukisimamishwa hukimbii, hupigi makelele, huchezi na mifuko. Na panga linakaa nyuma na magunia, haliwekwi miguuni.

Dogo_Fuoni
Na taa moja usiku! Hapo ulijiita mwenyewe.

Kasa_Mnemba
Mie nnapeleka wageni. Wanakodi skuta, hawana kibali cha kuendeshea hapa, wanadhani leseni ya kwao inatosha. Wakisimamishwa wanaanza kupiga picha na kumsogelea askari na simu. Nnawaambia simu mfukoni, karatasi mkononi. Na ukifika msitu wa Jozani nenda taratibu, matuta yale yamewekwa kwa ajili ya kima punju.

Babu_wa_Jang'ombe
Kima wameingiaje tena?

Mwanasheria_wa_Baraza
Ukitozwa faini omba karatasi na ulipe kwa risiti. Ukiona umeonewa, usibishane barabarani. Soma jina kwenye kifua chake, shika saa na pahala, kalalamike kituoni kwa mkubwa wake, au kama kakuomba rushwa nenda ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar.

Pweza_Kavu
Mwanasheria, saa kumi na mbili na robo, adhana inakaribia, nani anakwenda ZAECA? Watu wanatoa cha futari wanakwenda zao.

Mwanasheria_wa_Baraza
Na kesho atakusimamisha tena, maana keshajua unatoa. Na mtoaji naye ana kesi, wewe usijione mjanja.

Pweza_Kavu
Sijasema mimi. Nimesema watu.

Mama_Wawili
Mtu wa Konde, MTOTO.

Mtu_wa_Konde
Samahani, nilikwenda kuswali. Waliniambia nimwite. Nikasimama katikati ya barabara, tochi imenimulika, nikamwita kwa jina la utotoni, lile analomwita mama yake. Kimya. Nikaita, nikaita. Askari mmoja, mtu mzima, akaniambia, "Mwambie hatumfanyi kitu, aje mikono wazi." Baada ya dakika kama kumi akatoka, kiatu kimoja, analia. Yule mzee akampa maji ya chupa yake mwenyewe. Wakaniandikia kosa la taa, wakaturuhusu. Leo ndiye dereva wa gari ile ile, na taa zote mbili zinawaka.

Ndoo_ya_Uji
Alhamdulillah. Na makopa?

Mtu_wa_Konde
Tuliyaokota kwa mkono mpaka saa saba ya usiku. Yote yananuka karafuu. Hayakuuzika, tuliyala sisi.