Ukoo wa Igoma 🐟: majibu ya shangazi

Shangazi: Mwangaluka wanangu. Jana nimepewa majibu ya kile kinyama walichonikata mgongoni, wameandika lipoma sasa ndo nini hiyo, mwenzenu nilishaanza kuaga watu huku Mwaloni

Neema: Shikamoo shangazi. Weee Mungu mkubwa!! Huo ni uvimbe wa mafuta tu, siyo kansa

Ba Mdogo: Si nilisema. Uvimbe kama hauumi hauna shida

Neema: Hapo hapana ba mdogo, samahani. Kansa nyingi mwanzoni haziumi kabisa, mtu ana fundo kwenye ziwa anaendelea kuanika dagaa zake kwa vile haumwi, na jipu linakuliza usiku kucha wala siyo kansa

Kulwa: sasa tofauti nini na vyote ni vivimbe

Neema: Lipoma na kansa zote ni seli zimezaana bila mpango. Ila wa shangazi unakaa palepale, unakua taratibu, unasukuma majirani lakini hauwaingilii. Kansa inapenya nyama za jirani afu seli zake zinachomoka, zinapita kwenye damu au mitoki zinaenda kuota kwingine, ini, mapafu, mifupa

Shangazi: Kweli huu nikiubonyeza ulikuwa unateleza kama bondo la sangara

Dotto: mi kisu naogopa, si wanasema kansa ikiguswa kisu inasambaa

Neema: Dotto hayo maneno ndo yanachelewesha watu, mtu anaenda hali ishakuwa mbaya afu kisu kinasingiziwa. Hata daktari akishika kwa mkono anakisia tu, mpaka kinyama kiangaliwe kwa hadubini

Ba Mdogo: Mbona ile faibroidi ya mama yenu, ule uvimbe wa kwenye kizazi, siyo kansa na wakamtoa kizazi

Neema: Alikuwa anamwaga damu hadi akaishiwa. Siyo kansa haimaanishi haisumbui, hata wa kichwani ukibana ubongo ni balaa

Shangazi: Kile kichupa nilikipeleka maabara mwenyewe, kinyama kinaelea kwenye yale maji yananuka, nimekikumbatia kwenye daladala konda ananiambia mama weka mzigo chini. Nikamwambia mwanangu mzigo wenyewe ni mimi

Kulwa: 😂😂😂 shangazi

Dotto: dada Neema kesho upo zamu?

Neema: Nipo asubuhi. Kuna nini?

Dotto: kuna kakitu kwapani. hakaumi

Neema: Njoo saa 2, usinywe dawa ya mtu