MREJESHO: Firefox Nightly kwa Debian imekubali, ila bando ndo kilio

Salaam wana, mimi ndo yule wa Lamu nilouliza mbona Nightly yangu (Firefox ya majaribio) kwenye Debian (aina ya Linux) haijisasishi, imeganda toleo lile lile mwezi mzima. Shukrani sana, hasa yule alosema niangalie folda ni ya nani, kweli bwana, ile tar (faili la Firefox lililofungashwa) niliifungua ndani ya folda ya /opt kwa sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi), folda yote ikawa ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, brauza itajisasishaje na ruhusa haina!

Nikafuta, nikaongeza hazina ya apt (programu ya Debian ya kusakinisha) ya Mozilla, wenye Firefox, na ufunguo wake wa kuthibitisha paketi, kisha sudo apt install firefox-nightly, ikaingia bila kelele na ikoni ikajileta kwa menyu. Nilishtuka tu alamisho hazipo, kumbe ukisakinisha pahala pengine inaanza profaili mpya (folda ya data zako za brauza), nikaingia about:profiles nikachagua ile ya zamani.

Ule ushauri mlonipa wa kusasisha kila siku ndo umenishinda, matoleo hutoka kama mara mbili kwa siku na apt yashusha paketi nzima kila mara, bando likaisha kabla ya adhuhuri. Sasa nangoja Ijumaa nikienda kwa dada Langoni kwenye waifai ndo napiga apt upgrade.