Tupeane uzoefu: mnaoshona mashuka ya viraka, maboksi yenu yanatokaje saizi moja?

Mama Viraka, Dar (mwenye uzi)

Wapendwa, habari za jioni. Leo naomba tuweke rangi na mitindo pembeni, tuongelee vipimo tu, maana mwenzenu nimekwama.

Nilianza shuka la viraka (kwilti, kwa wanaoliita hivyo) la kitanda cha futi tano kwa sita. Hesabu niliipiga mwenyewe nikaridhika: maboksi (ile miraba ya viraka vilivyoungwa) ya inchi 12, saba kwa upana, manane kwa urefu, jumla 84 kwa 96, yaani linaninginia inchi 12 kila upande. Kila boksi lina viraka tisa vya vitenge. Kiraka nimekata inchi 4½, mshono robo inchi. Kwa hiyo boksi ambalo bado halijaungwa na wenzake lilipaswa kuwa 12½.

Nimeshona maboksi 31. Jana nikayatandaza sakafuni, nikaunga mstari wa kwanza na wa pili. Ule wa pili umepungua karibu inchi mbili! Nikachukua futi, nikapima moja moja: 12½, 12¼, 12 kasoro, na moja lina 12⅜ upande huu na 12⅛ upande ule. Mume wangu kapita, kasimama, kauliza hilo ni shuka au ramani ya Afrika.

Nyie yaliwakuta yapi, na mlijuaje kosa liko wapi? Ya "uwe makini" msinipe, nimeshapewa na mama mkwe.

Fundi Cherehani, Mbeya

Dada pole. Mimi fundi wa magauni miaka 14, nilipoletewa kazi ya viraka nikaona mchezo. Sisi tumezoea kuacha inchi nzima ubavuni ili mteja akinenepa tumwachie. Gauni likizidi nusu inchi nani atajua?

Sasa tazama viraka. Ukila mshono robo ya robo tu zaidi, umekula pande mbili, tayari nusu ya robo. Boksi lako lina mishono miwili kila upande, robo inchi imeondoka. Mara maboksi saba ni inchi moja na robo tatu. Hiyo si ndiyo "karibu inchi mbili" yako?

Mimi kilichoniponza ni kufuata ukingo wa mguu wa cherehani. Kwenye Butterfly yangu, kutoka sindano hadi ukingo wa mguu ni zaidi ya robo, na sikuwahi kupima tangu niinunue. Siku hiyo nikatoa uzi, nikaingiza rula ya plastiki chini ya mguu, nikazungusha gurudumu kwa mkono taratibu mpaka ncha ya sindano ikagusa mstari wa robo. Pale rula ilipoishia kulia nikabandika plasta ya kidonda, ile ya kitambaa, matabaka manne moja juu ya jingine, ikawa kaukuta. Kitambaa kinatembea kimeegemea ukuta. Angalia tu usifunike meno yanayovuta nguo.

Kisha jipime: kata vipande vitatu vya upana inchi 1½, viunge, piga pasi. Cha katikati lazima kibaki inchi moja kamili. Kikiwa pungufu, mshono wako mnene, sogeza ukuta. Mimi nilisogeza mara tatu.

Bibi wa Tanga

Wanangu, mimi mshono wangu ulikuwa sawa na boksi bado dogo. Kumbe pasi.

Mjukuu ndiye aliyeona. Alikunjua mshono kwa kucha, akanionyesha mkunjo mdogo umejificha pale kitambaa kinapolala, kama gamba la samaki. Nilikuwa nalaza mshono bila kuufungua vizuri, kila mshono unaficha uzi mbili tatu. Siku hizi naibonyeza pasi kwanza juu ya mshono ukiwa umefungwa, halafu nafungua kwa kidole, halafu naibonyeza tena kwa upande wa juu. Nabonyeza na kunyanyua. Zamani nilikuwa naiburuza kama napiga shati la shule, na boksi linavutika kona moja. Hilo lako la 12⅜ na 12⅛ nashuku liliburuzwa.

Na kitenge kipya usikikate hivyo hivyo na dondo la kiwandani. Kiloweke, kianike, kikishakauka kirudishie dondo jepesi ndipo ukate. Mimi nilichanganya kilichofuliwa na kisichofuliwa kwenye shuka moja. Lilipofuliwa mara ya kwanza viraka vingine vikasinyaa, vingine vikasimama, likawa na mawimbi kama bahari ya kusi.

Kanga ndiyo usiseme. Nilitaka jina la kanga likae katikati ya boksi, nikalifuata neno kwa rula, kumbe chapa yenyewe imelala upande kwenye kitambaa. Maneno yamenyooka, nyuzi zimekwenda mshazari, boksi linavutika kama mpira. Nililitengua, nikalifanya foronya.

Mchuuzi wa Jinzi, Nairobi

Shikamoo bibi. Mimi nashona za jinzi kuukuu, nanunua marobota yaliyochambuliwa Gikomba, soko letu la mitumba. Kwetu robo inchi haifanyi kazi kabisa. Unene wa jinzi wenyewe unakula kipimo pale inapokunjwa, na inafumuka nyuzi. Naacha nusu inchi na mshono naulaza pande mbili.

Lakini boksi langu la kwanza lilitoka dogo hata na hiyo nusu. Nilikunja kipande cha jinzi nikapima: mgongo wa mkunjo tu unachukua kitu. Sasa nashona uzi mmoja ndani ya kipimo, yaani nusu kasoro kidogo sana. Kwa kitenge nadhani ni hivyo hivyo, robo kasoro uzi mmoja. Fundi wa Mbeya atanisahihisha.

Fundi Cherehani, Mbeya

Sikusahihishi, uko sawa. Ndiyo maana nikasema jipime baada ya pasi, rula pekee haitoshi.

Mwanakwetu, Columbus, Ohio

Huku nilipo kuna akina mama wa kanisani wanashona kila Alhamisi, wengine wana miaka themanini na kitu. Vifaa wanavyo: kisu cha gurudumu, mkeka wa kukatia, mguu wa cherehani uliotengenezwa kwa robo inchi. Nikajua humu sikosei. Nilikosea mara mbili.

Ya kwanza, maelezo yao huandikwa saizi mbili, boksi kabla ya kuungwa na boksi likishaungwa. Niliona "12½" nikadhani wamekosea kuchapa, nikakata ili litoke 12 kabla ya kuungwa. Maboksi sita hayo.

Ya pili ni pembetatu. Ukitaka mraba wa pembetatu mbili utoke inchi 4 ukishaungwa, unakata miraba ya 4⅞, unaiweka miwili pamoja, unashona robo inchi kila upande wa mstari wa mshazari, unakata katikati, unapata miwili. Hiyo ⅞ imewaliza wengi. Bibi mmoja akaniambia yeye hakati 4⅞ tangu kijana, anakata 5 kamili, akishashona anapunguza hadi 4½ kwa rula, mstari wa mshazari ukae kona kwa kona. Tangu hapo sijasumbuka. Kitambaa kinapotea kidogo, ila usingizi napata.

Nyongeza kwa wanaopakua michoro ya Marekani: dada yangu Arusha nilimtumia mchoro, akaenda kuchapisha steshenari. Karatasi ya huku ni pana kidogo kuliko A4, mashine ikaubana mchoro uenee. Kila kiraka kikatoka pungufu. Kwenye mchoro kulikuwa na kimraba cha inchi moja cha kupimia baada ya kuchapa. Yeye alidhani ni pambo.

Kijana wa Eksirei, Morogoro

Mimi aibu yangu fupi. Nilikata kiraka cha kwanza kwa rula, cha pili nikakikatia juu ya cha kwanza, cha tatu juu ya cha pili. Kufika cha hamsini nikakirudisha juu ya cha kwanza: kimezidi karibu nusu inchi. Chaki inapita nje kidogo kila mara na mimi nakata nje ya chaki.

Nikahamia kwenye kiolezo cha katoni, nacho kingo zikaliwa na mkasi. Sasa natumia filamu ya eksirei ya mguu wa babu. Ngumu, hailiki, na unaona maua ya kitenge kupitia mfupa.

Mpita Njia

Mnajisumbua. Kata yote yalingane na lile dogo, biashara imeisha.

Bibi wa Tanga

Mwanangu, ukikata boksi la viraka tisa, vya pembeni vinakuwa vyembamba kuliko cha kati, macho yanaona. Na la nyota ukilikata umekata ncha zote.

Mama Viraka, Dar (mwenye uzi)

Nimerudi. Bibi shikamoo, wote asanteni.

Nimefanya jaribio la vipande vitatu usiku huu huu. Cha katikati kimetoka ⅞. Mguu wangu umekuwa ukinila mara nyingi. Halafu nikashika futi mbili za nyumbani, ile ya zamani na ya juzi, nikazilaza pamoja: kufika 60 zimepishana unene wa kidole. Ya zamani imesinyaa, na ndiyo niliyokatia baadhi ya viraka. Nimeikata vipande vipande mtoto asije akanirudishia kwenye kikapu.

Maboksi nimeyapanga mafungu matatu. Yaliyo 12½ ni 11, yanabaki. Yaliyo 12¼ ni 14, nayatengua mishono tu, viraka vyake ni vizima. Sita yaliyobaki ndiyo yenye viraka vilivyokatwa kwa futi ile, yanakwenda foronya kama ya bibi. Plasta nimeshabandika, matabaka manne. Kijana wa Morogoro, hiyo filamu naipata wapi kama babu yangu hajavunjika?