Zumaridi ya pete ya uchumba: Zambia au Colombia?

Kijana wa Levolosi: Wakuu salaam. Sonara kanipa zumaridi mbili nichague, zote karibu karati moja. Ya Colombia kijani kimekolea ila ndani ina mipasuko mingi na bei ni kama mara mbili, ya Zambia inavutia kwenye bluu kidogo ila ni safi. Nichukue ipi?

Jicho la Lenzi: Kwanza hakikisha ni ya Colombia kweli mkuu. Kwenye maikroskopu tafuta vijishimo vyenye ncha ncha, ndani kuna maji ya chumvi, kapovu ka gesi na kajiwe ka chumvi ka mraba, vyote pamoja. Ya Zambia mara nyingi utakuta maika (madini ya vipande vyembamba vinavyong'aa), na ina chuma nyingi ndo maana inavuta bluu.

Dalali Mstaafu: Hicho kipimo hakitoshi, za Panjshir kule Afghanistan nazo zina hayo matatu na hata baadhi ya za Zambia. Hiyo ni kazi ya maabara.

Mama Vito: Mwanangu, nchi baadaye, muulize kwanza sonara mipasuko imejazwa nini ili isionekane! Mafuta ya mwerezi sina shida nayo, yametumika miaka na miaka, yakikauka yanarudishiwa. Mimi naogopa gundi ya epoksi maana ikizeeka inaweza kugeuka njano au nyeupe na kuitoa ni kazi. Ligeuze jiwe taratibu chini ya taa, ukiona mpasuko unametameta bluu au chungwa ujue kuna uwezekano mkubwa ni gundi. Bei ya Colombia kwa jiwe lililojazwa sana mi silipi.

Mtoto wa Simanjiro: Na sisi hapa mbona mnatusahau? Manyara zumaridi zipo tangu miaka ya 70. Au chukua tsavoraiti, kito kingine cha kijani, ilipatikana huku kwetu 1967, kwa kawaida haitiwi mafuta, ila kubwa ni adimu.

Kijana wa Levolosi: Asante sana Mama. Nimempigia sonara, ya Colombia haina cheti na kilichojazwa hakijui. Nimemwambia ya Zambia iende maabara kwanza ndo nimalizie hela.

Mama Vito: Safi. Cheti kiandike mafuta ni kidogo, wastani au mengi. Na mwambie jiwe alizungushie ukingo wa dhahabu, vile vikucha vya kushikilia jiwe peke yake havilindi kona. Mchumba aioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini tu, mashine ya ultrasoniki (inayosafisha kwa mawimbi ya sauti) na ya mvuke asisogelee.